Heia Safari: Kutoka Uluguru hadi München

Wengi wetu tukisikia habari za Jamhuri ya Mabaraza ya Bavaria tunasema hayo ni mambo ya Wazungu, yanatuhusu nini? Makala hii inadai kwamba mikono iliyozima mapinduzi yale ilikwishaizoea kazi hiyo Afrika.

Tuanze na jamhuri yenyewe. Ujerumani iliposhindwa vita Novemba 1918, mabaharia, askari na wafanyakazi waliasi, wafalme wakakimbia. Tarehe 7 Aprili 1919 jamhuri ya kijamaa ikatangazwa mjini München. Na viongozi wake wa mwanzo walikuwa nani? Watu wa kalamu! Ernst Toller, mtunzi wa tamthilia, miaka 25 tu. Erich Mühsam, mshairi. Na Gustav Landauer, mhakiki wa Shakespeare, aliyekabidhiwa elimu. Baada ya siku chache wakomunisti wakashika usukani, na mwezi haukutimia majeshi yakauteka mji. Landauer aliuawa gerezani tarehe 2 Mei. Toller alifungwa miaka 5.

Sasa tuwatazame wazimaji. Franz von Epp, ambaye kikosi chake kiliingia München, alikuwa amepigana vita dhidi ya Waherero, Namibia. Paul von Lettow-Vorbeck naye alikuwa katika vita hiyo, na huyu sisi wa Mzinga tunamjua. Agosti 1916 Waingereza walipoingia Morogoro, alirudi nyuma kwa kuizunguka milima ya Uluguru kuelekea Kisaki, mizigo ya jeshi ikiwa vichwani mwa wapagazi. Julai 1919 huyo yuko Hamburg na askari wake, anazima ghasia za wafanyakazi zilizoanzia kwenye nyama mbovu!

Kila upande uliacha kitabu. Toller, akiwa gerezani, aliandika tamthilia ya *Masse Mensch*, inayouliza kama ni halali kumwaga damu kwa ajili ya kuukomboa umma. Lettow-Vorbeck alitoa *Heia Safari!* mwaka 1920, kitabu cha kujisifu kilichowalenga vijana. Tazama basi: neno letu wenyewe limegeuzwa kuwa jina la ushujaa wake, na aliyebeba mzigo katika safari hiyo hana hata ukurasa wake.

Mhakiki anayeishia kwenye fani na maudhui ya Toller amefanya nusu ya kazi. Nusu nyingine iko vijijini Uluguru, katika masimulizi ambayo wajukuu wa wapagazi waliyapokea. Tusipoyaandika, "safari" itabaki na maana aliyoipa jenerali.