Namna ya kumshughulisha mtoto katika safari ndefu ya ndege

KWA miaka mingi, mkazi wa Nairobi aliyeelekea Marekani hakuwa na budi kubadilisha ndege London, Amsterdam, Dubai au kwingineko. Mambo yalibadilika Oktoba 28, 2018 shirika la Kenya Airways lilipoanzisha safari ya moja kwa moja hadi New York kwa ndege aina ya Boeing 787 Dreamliner. Ni safari ya takriban saa 15. Kwa mfanyabiashara anayewahi mkutano, hiyo ilikuwa neema. Kwa mama wa Kangemi anayempeleka mwanawe wa miaka mitatu kumwona babake Minnesota, ni saa 15 bila mahali pa kushuka kunyoosha miguu.

Hebu tupige hesabu. Tukiondoa saa saba za usingizi (iwapo mtoto atakubali kulala) na saa mbili za kula na kwenda msalani, zinasalia saa sita. Mtoto wa umri huo aghalabu huchoshwa na kitu kimoja baada ya dakika 10 hivi. Mzazi basi anahitaji mambo 36 ya kumfanyisha, huku wote wawili wakiwa wameketi mahali pasipotosha hata kukunja mguu.

Nakumbuka safari moja ya usiku, miaka mingi iliyopita, nikiwa na binti yangu wa miaka minne. Mkoba wake wa vitu vya kuchezea niliutia ndani ya sanduku kubwa, nalo likaenda pamoja na mizigo mingine. Tulipopaa, kilichosalia mikononi mwangu ni pasipoti mbili na gazeti la siku iliyotangulia. Gazeti hilo liligeuka kofia, mashua, ndege ya karatasi, na hatimaye vipande vidogo vidogo vilivyotapakaa chini ya viti vya abiria watatu. Sijapata kuona kazi ya meza yetu ya uhariri ikitumiwa vizuri hivyo.

Maandalizi huanza wiki kadhaa kabla ya safari. Ya stakabadhi hayana maelezo mengi: kila mtoto, hata mchanga, huhitaji pasipoti yake mwenyewe, na maombi hufanywa kupitia eCitizen kabla ya kufika Nyayo House. Mzazi anayesafiri bila mwenzake abebe cheti cha kuzaliwa cha mtoto na barua ya idhini ya mzazi wa pili. Asiyeibeba huenda akatumia muda wa kupanda ndege akijieleza dirishani.

Vya kuchezea havihitaji fedha nyingi. Mtoto havutiwi na bei ya kitu, bali na upya wake. Wauzaji wa vitabu vya mitumba wanaotandaza bidhaa zao kando ya barabara katikati ya jiji, wale ambao wakazi huwaita 'inama', huwa na vitabu vya picha kwa bei ya nauli ya matatu. Soko la Toi, karibu na Barabara ya Ngong, lina vigari, wanasesere na mafumbo ya kupanga vipande. Pale City Market, Muindi Mbingu Street, wapo wanyama wadogo wa mbao ambao hawahitaji betri wala hawapigi kelele. Anayependelea vitabu vipya, vikiwemo vya Kiswahili, atavipata Text Book Centre, tawi la Kijabe Street au lile la Sarit Centre, Westlands.

Vitu hivyo vifichwe hadi siku ya safari. Kila kimoja kifungwe ndani ya karatasi (gazeti linafaa hapa pia), kwani kule kufungua tu humchukua mtoto dakika mbili au tatu. Kisha kitolewe kimoja baada ya kingine, si vyote kwa pamoja. Vibandiko vya rangi hufaa sana, kwa kuwa vinaweza kubandikwa na kubanduliwa kwenye dirisha au meza ndogo bila kuacha alama. Krayoni za mviringo huviringika zikapotea chini ya viti. Zenye pembe tatu hukaa zilipowekwa. Chochote chenye vipande vidogo au kinachodunda kiachwe nyumbani.

Siku yenyewe, mtoto achoshwe kabla ya kuchosha wengine. Ndege ya New York huondoka usiku, na mchana mzima ni wa kukimbia. Wanaoishi Kileleshwa na Lavington wana bustani ya miti ya Arboretum, iliyoanzishwa mwaka wa 1907, na uwanja wowote wa mtaani utafaa vilevile. Tangu barabara ya kulipia ya Nairobi Expressway ilipofunguliwa mwaka wa 2022, safari ya kutoka Westlands hadi uwanja wa ndege wa kimataifa wa Jomo Kenyatta (JKIA) imekuwa fupi kwa wenye magari. Ikumbukwe hata hivyo kwamba kwenye kizuizi cha kwanza cha ulinzi abiria hushuka garini wakaguliwe, akabaki dereva pekee. Mtoto aliyelala atabebwa, na leso ndiyo mkombozi.

Leso, kwa kweli, ingestahili makala yake. Ni mbeleko, ni shuka, ni pazia la kunyonyeshea na ni hema la kuchezea kibe. Mama anayemtembeza mtoto mgongoni kati ya safu za viti humtuliza haraka kuliko mwenye mwanasesere wa maelfu ya shilingi. Tahadhari ni moja tu: ndege inapopaa, inapotua na inapotikiswa na hewa, mtoto afunguliwe mgongoni na kufungwa mkanda kama wanavyoelekeza wahudumu.

Kuhusu maziwa na uji, sheria iliyoanza mwaka wa 2006 ya kutobeba vimiminiko vinavyozidi mililita 100 huwapa nafuu wenye watoto wadogo. Chakula cha mtoto kinachotosha safari huruhusiwa, ila mzazi akitoe mkobani akionyeshe kabla ya kuulizwa.

Tuje kwenye masikio, jambo linalowaliza watoto wengi kuliko uchovu, na ambalo kwa msafiri wa Nairobi lina sura yake ya pekee. Hewa ndani ya ndege hufanywa iwe kama ya mahali palipoinuka. Katika ndege nyingi huwa kama ya mita 1,800 hadi 2,400 juu ya usawa wa bahari, na katika Dreamliner haizidi sana mita 1,800. JKIA iko zaidi ya mita 1,600, nayo Dagoretti Corner takriban mita 1,800. Ina maana kwamba mtoto wa Kawangware aliye ndani ya Dreamliner, juu ya jangwa la Sahara, anapumua hewa inayokaribiana na ya kwao. Ndiyo maana masikio hayasumbui sana wakati wa kupaa kutoka Nairobi.

Shida iko kwenye kutua. New York, London, Amsterdam na Dubai ziko karibu na usawa wa bahari. Ndege inapoteremka, shinikizo la hewa huongezeka, na mrija mwembamba unaounganisha sikio na koo usipofunguka, ngoma ya sikio husukumwa ndani. Mrija wa mtoto ni mwembamba zaidi, na akiwa na mafua huziba kabisa. Kinachoufungua ni kumeza. Mtoto mchanga anyonyeshwe au apewe chupa. Mkubwa kiasi anywe maji kwa mrija, polepole. Peremende ngumu na njugu ni za waliovuka miaka mitano, kwa kuwa wadogo zaidi huweza kusakamwa nazo. Kuteremka huanza takriban nusu saa kabla ya kutua, na aliyelala huwa hamezi sana. Ingawa inauma kumwamsha mtoto aliyekwisha kulala hatimaye, afadhali aamshwe.

Je, simu na tableti? Mwezi Aprili 2019, Shirika la Afya Duniani (WHO) lilipendekeza kwamba mtoto wa mwaka mmoja asitazamishwe skrini, na wa miaka miwili hadi minne asizidishe saa moja kwa siku. Saa 15 angani si siku ya kawaida, na sitamlaumu mzazi anayevuka mpaka huo kidogo. Lakini anayeanza na skrini kabla ya kupaa hana silaha nyingine itakayobaki. Iwekwe akiba ya saa za mwisho, ikiwa na michoro iliyopakuliwa nyumbani na vipokea sauti vinavyomtosha mtoto kichwani.

Simu ina kazi nyingine ambayo wengi huisahau. Nyanya aombwe asimulie hadithi tano, zirekodiwe. Mtoto aliyelazwa chini ya leso akimsikia nyanyake akiita 'Paukwa' atajibu 'Pakawa' kwa sauti ya kuwafanya jirani watabasamu. Vitendawili navyo havina uzito mkobani. Mzazi atunge vyake kutokana na yaliyopo: mwenye mabawa asiyetaga, mlango unaolia mtu akitoka msalani, chakula kilichofunikwa blanketi la fedha. Mchezo wa uzi wa vidoleni, ambao wengi wetu tuliucheza nyuma ya darasa, hauhitaji zaidi ya kamba ya viatu, chini ya macho ya mzazi.

Lipo jambo moja ambalo halisemwi hadharani. Baadhi ya wazazi huwapa watoto dawa za mafua au mzio zinazoleta usingizi, Piriton ikiwa mojawapo, ili walale hadi ng'ambo. Madaktari wanaonya dhidi ya tabia hiyo. Kuna watoto ambao dawa hizo huwachangamsha badala ya kuwalaza, na mzazi akajikuta na mtoto asiyetulia usiku kucha. La kutisha zaidi ni kipimo kikizidi, kwani kupumua kunaweza kuathirika, na ndani ya ndege hakuna hospitali. Januari 2008 mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, iliwashauri wazazi wasiwape watoto walio chini ya miaka miwili dawa za kikohozi na mafua zinazouzwa bila agizo la daktari, kwa sababu ya madhara yanayoweza kuhatarisha maisha. Anayehisi kwamba mwanawe hawezi kusafiri bila dawa amwone daktari kwanza, siyo muuzaji wa duka la pembeni.

Kiti nacho si suala la starehe tu. Mtoto ambaye hajatimiza miaka miwili huruhusiwa kupakatwa, aghalabu kwa asilimia 10 ya nauli ya mtu mzima. Ni nafuu kubwa kwa familia, lakini mikono ya mzazi haiwezi kumshikilia mtoto ndege ikipigwa dafrau. Julai 19, 1989, ndege ya United Airlines nambari 232 ilianguka Sioux City, Marekani, ikiwa na watoto wanne waliopakatwa. Wazazi walikuwa wameelekezwa wawaweke sakafuni. Mmoja wao alifariki, na mhudumu mkuu wa ndege hiyo, Jan Brown, alitumia miaka mingi baadaye akipigania kila mtoto awe na kiti chake. Mwenye uwezo amnunulie. Asiye nao aombe mapema kitanda kidogo kinachofungwa ukutani mbele ya safu ya kwanza. Huwa vichache, na kila shirika lina kipimo chake cha uzani.

Ndege ikitua New York, Nairobi huwa mbele kwa saa saba au nane kutegemea majira, na mtoto hajui asubuhi imetoka wapi. Hapo ndipo wengi hugundua kwamba wamemaliza kila kitu. Foleni ya uhamiaji inaweza kuchukua saa nzima au zaidi, simu imeisha chaji na uji umekwisha. Kwa hiyo zawadi moja iliyofungwa, iliyo bora kuliko zote, ibakizwe chini kabisa ya mkoba pamoja na andazi moja. Isifunguliwe hata mtoto alie vipi juu ya Atlantiki, hadi atakapokuwa amesimama kwenye foleni hiyo.