Historia ya Ikizu na Mipaka ya Chanzo cha Kitaaluma

Makala haya yanahoji mazoea ya kugawa vyanzo katika mafungu mawili tu: vya kitaaluma na vya umma. Mfano wake ni historia ya Waikizu wa Nyamuswa na viunga vyake, mkoani Mara.

Mwaka 2003 Brill walichapisha Telling Our Own Stories, kitabu kilichohaririwa na Jan Bender Shetler. Kitabu hicho kinakusanya historia zilizoandikwa na wenyeji wa Mara Kusini, ikiwamo Historia ya Ikizu na Sizaki ya P. M. Mturi na S. Sasora. Mwaka 2007 Shetler alichapisha Imagining Serengeti, uchambuzi unaozitumia simulizi za eneo hilo kama ushahidi.

Vitabu hivi viwili vina jina la mtaalamu mmoja kwenye jalada, na vyote vimetolewa na wachapishaji wa kitaaluma. Hata hivyo, hadhi ya yaliyomo si moja. Simulizi ya Nyakinywa, mwanamke mvuta mvua, na Isamongo, mwindaji, inapoelezwa na wenyeji ni ushuhuda: inatuonyesha jinsi jamii inavyouelewa mwanzo wake na uhalali wa utawala wake. Inapochambuliwa kama kumbukumbu ya kukutana kwa wakulima na wawindaji, inakuwa hoja, nayo hoja hupimwa kwa ushahidi na kwa hoja shindani.

Katika kusimamia tasnifu nimekutana na makosa mawili. Wapo watahiniwa wanaoitupa matini ya wenyeji kwa kuwa waandishi wake si wanataaluma. Hao hujinyima chanzo cha msingi, tena kilichoandikwa kwa Kiswahili. Wapo pia wanaoinukuu kama tokeo la utafiti kwa sababu tu mchapishaji wake ni mashuhuri. Hao hugeuza dai la ukoo kuwa tarihi iliyothibitishwa. Kosa la pili ndilo zito zaidi, kwa kuwa tasnifu hiyo hurudi kijijini ikiwa na mhuri wa chuo kikuu, na huweza kutumiwa kuamua nani mwenyeji na nani mgeni.

Kwa hiyo, jalada pekee halitoshi kuamua hadhi ya chanzo. Mtafiti aulize: nani anasema, anamwambia nani, kwa ushahidi gani, na nani aliuhakiki? Matini ya wenyeji istahiwe kwa kuhojiwa, kama tunavyohoji hati yoyote ya kale.