Kababu Ndani ya Samuni: Historia ya Baga ya Nyumbani Wadi Kabir

Katika nyumba nyingi za Waswahili wa Wadi Kabir, mtoto akidai baga jioni ya Alhamisi hapelekwi mkahawani. Mama au bibi hutoa nyama ya kusaga kwenye friji, akaikanda na thomu, tangawizi na uzile, akaibana kwa viganja mpaka ikawa bapa, akaikaanga, kisha akaitia ndani ya mkate uitwao samuni pamoja na chatne ya ukwaju. Watoto wanaiita baga. Bibi yao, aliyezaliwa Unguja, amekula kitu hichohicho tangu utotoni akikiita kababu. Wapo wanaosema Waomani wa Zanzibar wameiga tu chakula cha Wamarekani. Mimi sikubaliani nao. Baga hii ina nasaba yake, na nasaba hiyo imepita Maskati, Unguja na, kwa njia ya ajabu, hata Hamburg.

Wadi Kabir ni bonde lililobanwa na majabali makavu pembeni mwa Ruwi, ndani ya jiji la Maskati. Wengi wanalijua kwa gereji zake, maduka ya vipuri, na soko la Ijumaa la magari yaliyotumika. Wahindi, Wapakistani na Wabangladeshi wamejaa huko, na kati yao zimo familia za Kiomani ambazo ndani ya nyumba husemeshana Kiswahili. Mvua kubwa ikinyesha milimani, maji hushuka kwa nguvu; tufani ya Gonu ya Juni 2007 bado inasimuliwa. Si mtaa wa watalii, na vyakula vyake haviandikwi kwenye vitabu vya safari. Hiyo ni sababu mojawapo ya kuviandika hapa.

Kababu yenyewe ni mali ya watu wengi. Waajemi, Waturuki, Wahindi na Waarabu wote wana kababu zao, na pwani ya Afrika Mashariki iliipokea kutoka kwa wafanyabiashara waliokuja na kaskazi na kurudi na kusi. Mtawala wa Oman, Sayyid Said bin Sultan, alipohamishia makao yake Unguja katika miaka ya 1830, mji ule ulivuta watu wa kila pembe ya Bahari ya Hindi: Wahindi wenye maduka, Wahadhrami, Wangazija, na baadaye Wagoa. Jikoni wakakutana wote. Bizari zilitoka Bara Hindi, ndimu na pilipili zilikuwepo, na mkate wa ngano ulikuwa chakula cha mjini. Nyama haikuwa rahisi, kwa hiyo wapishi waliichanganya na mkate uliorowekwa, yai na kitunguu ili robo ya nyama itoshe watu wengi. Na tusiwasahau waliosimama motoni. Katika majumba makubwa ya Unguja kazi hiyo ilifanywa na watumwa, na utumwa haukufutwa kisheria huko mpaka 1897. Ladha tunayoisifia leo kuwa ya kwetu ilikamilishwa na mikono ambayo majina yake hayakuandikwa popote.

Wakati huohuo Hamburg ilikuwa imeshafika Unguja. Kampuni ya O'Swald ya mji huo ilifungua biashara kisiwani mwaka 1849, ikinunua kauri za pwani na kuzipeleka Afrika Magharibi, zilikotumika kama fedha. Mwaka 1859 miji ya Kijerumani ya Hamburg, Bremen na Lübeck ilitia sahihi mkataba wa biashara na Unguja. Ndipo ikatokea hadithi ambayo kila Mzanzibari anaijua: Sayyida Salme, binti wa Sayyid Said, alimpenda mfanyabiashara wa Hamburg, Heinrich Ruete, akaondoka Unguja mwaka 1866, akafunga naye ndoa Aden mwaka 1867, na mwaka huohuo akaenda kuishi Hamburg. Mumewe alifariki 1870 kwa ajali. Kumbukumbu zake zilichapwa 1886 kwa Kijerumani, naye akafariki 1924.

Katika karne hiyohiyo, bandari ya Hamburg ilikuwa ikisafirisha maelfu ya watu kwenda Marekani, na mikahawa ya New York ikauza nyama iliyokatwakatwa na kubanwa, iliyoitwa kwa jina la mji huo. Ni nani aliyeitia ndani ya mkate? Miji ya Marekani bado inagombea heshima hiyo. New Haven inajivunia Louis' Lunch, inayodai kuianza mwaka 1900 na ambayo mpaka leo huiweka kati ya vipande viwili vya mkate uliochomwa. Mwaka 1921 White Castle ilianza Wichita, Kansas, na kutoka hapo baga ikawa chakula cha nchi nzima. Lakini mji unaonigusa mimi ni El Reno, Oklahoma. Huko, katika miaka ya 1920, wapishi walikatakata vitunguu vyembamba na kuvigandamiza ndani ya nyama juu ya chuma cha moto, kwa sababu vitunguu vilikuwa rahisi na nyama ghali. Mpishi wa El Reno na mpishi wa Unguja hawakujuana, lakini shida iliyowafundisha ilikuwa moja. Kila mmoja aliinyoosha nyama kwa alichokuwa nacho.

Njia ya kababu kwenda Wadi Kabir ilipita kwenye msiba. Mapinduzi ya 12 Januari 1964 yaliwatoa maelfu ya watu Unguja na Pemba. Wengine walikwenda Mombasa na Dar es Salaam, wengine Dubai, Cairo na Uingereza, na wengi walikaa miaka bila kujua watatulia wapi. Oman yenyewe wakati huo ilikuwa imefungwa. Tarehe 23 Julai 1970 Sultan Qaboos alishika madaraka katika nchi yenye shule 3 na barabara ya lami ya takriban kilomita 10, akawaita Waomani wa nje warudi kuijenga. Waliotoka Afrika Mashariki walikuja na elimu na Kiingereza, wakaajiriwa kwenye wizara, mahospitali, mashule na kampuni ya mafuta. Walikuja pia kutoka Burundi, Rwanda na Kongo, kila familia na namna yake ya kukaanga. Kina mama walibeba kile kilichobebeka: mbuzi ya kukunia nazi, kinu kidogo cha thomu, na ile mashine ya chuma ya kusagia nyama inayofungwa kwa skurubu ukingoni mwa meza na kuzungushwa kwa mkono. Vitabu vya historia vinawahesabu wahandisi na walimu. Mashine ile ya meza haimo, ingawa kwa maoni yangu nayo ilijenga nchi, maana ndiyo iliyowafanya watu waliohama mara mbili wajione wako kwao.

Sasa tuingie jikoni. Kwa nusu kilo ya nyama ya ng'ombe chukua vipande viwili vya mkate, uviroweke kwa maji au maziwa, kisha uvikamue mpaka visichuruzike. Kitunguu maji kikunwe, nacho kikamuliwe kwa kitambaa safi. Hapa ndipo wengi huharibu, maana maji ya kitunguu yakibaki, nyama huvunjika motoni. Tia thomu na tangawizi vilivyotwangwa, uzile uliokaangwa kidogo na kusagwa, pilipili manga, kotmiri iliyokatwa, chumvi, pilipili mbichi kwa wanaoiweza, na yai moja. Kanda mpaka mchanganyiko uanze kunata vidoleni, ufunike, uuache ndani ya friji kwa saa moja. Nyama isiwe kavu kabisa; bila shahamu kidogo, hutapata kitu zaidi ya tofali.

Tofauti kati ya kababu na baga iko kwenye umbo na moto. Kababu ya Unguja hufinyangwa kama yai la bata, huchovywa kwenye yai, na kuzama ndani ya mafuta yaliyochemka kwenye karai. Baga ya Wadi Kabir hubanwa bapa, pana kuliko mkate kidogo kwa kuwa nyama hujikunja, na katikati hubonyezwa kwa dole gumba ili isivimbe. Hukaangwa kwa mafuta kidogo juu ya chuma cha chapati. Igeuze mara moja tu, na usiikandamize kwa kijiko, maana hapo utaukamua utamu wote.

Samuni, mkate mrefu laini wa viwanda vya mikate vya Ghuba, ulichukua nafasi ya boflo la Unguja. Wengine hutumia porota kutoka vimkahawa vya Wamalayali, vile vinavyouza chai ya karaki mpaka usiku wa manane, wakaikunja na kababu ndani kisha wakaponda juu yake chipsi za Oman zenye pilipili. Wazee huona hiyo ni fujo. Mimi naiona ni Unguja ileile ya zamani, ambako kila mgeni aliweka chake sufuriani. Chatne ndiyo haina mjadala: ukwaju uliokamuliwa, pilipili, chumvi, na sukari kidogo, ileile inayomwagiwa mishkaki ya barabarani huko Maskati na mishkaki ya Forodhani, Unguja.

McDonald's ilifika Oman mwaka 1994, na tangu hapo vijana wamekuwa na pa kulinganishia. Hata hivyo, katika nyumba nilizokula, nyama ya Ramadhani hukandwa kilo kadhaa kabla ya mwezi kuandama, ikabanwa, ikatandazwa kwenye sinia na karatasi kati ya tabaka na tabaka, kisha ikagandishwa. Ikifika magharibi hutolewa kababu za kutosha futari. Zile za umbo la yai hutengwa kwa ajili ya wazee, na zile bapa hupewa watoto.