Asili ya Umeme wa Hewa ya Juu ya Dodoma

Tanganyika ilipopata uhuru tarehe 9 Desemba 1961, sauti ya serikali iliyokuwako Dar es Salaam iliwafikia watu wengi wa bara kwa redio. Msikilizaji wa Dodoma alijua jambo ambalo hakufundishwa na mtu: stesheni za mbali, zilizofifia mchana, zilisikika vizuri jua likisha kuchwa. Kwa nini?

Mwaka 1901 Marconi alipeleka ishara kutoka Uingereza hadi Newfoundland, ingawa dunia ni mviringo. Mwaka uliofuata Kennelly na Heaviside, kila mmoja peke yake, walisema kuwa juu pana tabaka la hewa yenye umeme, liyarudishalo mawimbi chini. Mwaka 1924 Appleton na Barnett wakalithibitisha.

Likabaki swali la asili yake. Mtendaji mkuu ni jua: miali yake isiyoonekana, ya urujuanimno na ya eksirei, huzinyang'anya atomu za hewa elektroni zao. Miali itokayo anga za mbali, aliyoigundua Hess kwa puto mwaka 1912, hutenda kazi hiyo chini zaidi, na vimondo huongeza kidogo.

Basi ikiwa jua ndilo asili, mbona redio hustawi usiku? Tabaka la chini, kati ya kilomita 60 na 90, huyameza mawimbi mchana. Hewa yake ni nzito, kwa hiyo jua likichwa elektroni huungana upesi na atomu, na tabaka hutoweka. Kwenye kilomita 300 hewa ni nyembamba mno. Elektroni hukawia kuungana, na paa la mawimbi hubaki.

Mwaka 1946 Appleton alieleza ajabu nyingine: elektroni hazizidi juu ya ikweta ya sumaku, bali kwenye kanda mbili, kama nyuzi 15 kaskazini na kusini yake. Ikweta hiyo hupita Ethiopia, na Dodoma iko karibu na ukanda wa kusini. Elektroni hupandishwa juu ya ikweta, kisha huteremka zikifuata mistari ya sumaku.

Kwa hiyo sehemu ya umeme ulio juu ya Dodoma ulizaliwa mbali kaskazini. Mwanahistoria naye, aonapo kitu mahali, asikate shauri kwamba hapo ndipo kilipoanzia.