Mwenye Kisu Kikali Anakula Nyama, Ila Aliyekifua Kisu Anaitwa Nani?

Desemba ikifika tarehe 20 hivi, Dar inapungua watu na barabara ya kwenda Moshi inajaa. Mabasi, Noah, magari ya kuazima, wote wanapanda mlimani "kwenda kuhesabiwa", kama wanavyotaniwa kila mwaka. Siku mbili tatu baadaye mbuzi anafungwa nyuma ya nyumba, ndizi zinamenywa, mbege ipo tayari. Mzee anaingia ndani na kutoka na kisu.

Hicho kisu ukikitazama vizuri utacheka. Mpini umefungwa waya. Bamba lenyewe limekuwa jembamba kwa kunolewa hadi linafanana na jani la mgomba lililokauka. Ila kikigusa ngozi ya mbuzi, kinapita kama kwenye siagi. Vijana wanatoa simu, wanarekodi nyama, moshi, bibi anacheka. Kisu hakuna anayekirekodi.

Waswahili wanasema mwenye kisu kikali ndiye mla nyama. Sawa. Wenye visu vikali wa Kilimanjaro tunawajua kwa majina: Mangi Rindi wa Moshi, Mangi Sina wa Kibosho, Mangi Meli. Sasa aliyewafulia visu, mikuki na sime ni nani? Hapo ndipo historia inanyamaza ghafla.

CHUMA CHA UPARE, MOTO WA MAMBA

Tuanze chini kabisa. Chuma cha Wachaga wa zamani kwa sehemu kubwa kilitoka kwa majirani, kwenye milima ya Upare, hasa Ugweno, ambako leo ni wilaya ya Mwanga. Ugweno kulikuwa na ukoo wa Washana, wafua chuma, na simulizi za kule zinasema ndio waliokuwa watawala kabla Wasuya hawajawapindua. Yaani kuna zama ambazo mtu wa nyundo ndiye alikuwa bosi wa nchi.

Hata jina lao linasikika Kiswahili. Kuna methali ya kale: mwana wa mhunzi asiposana huvukuta. Kusana ni kufua chuma, kuvukuta ni kupuliza moto kwa mvukuto. Maana yake mtoto wa fundi hata asipojua kufua, kazi ya nyumbani kwao haimpiti kabisa. Hilo "sana" la methali na hao Washana ni ndugu wa damu.

Upande wa Kilimanjaro, jina kubwa la uhunzi ni Mamba, jirani na Marangu. Koo za wahunzi wa Mamba zilifua majembe, visu, sime na mikuki, na Wamasai wa tambarare nao walikuwa wateja. Baadaye misafara ya pwani ilipoanza kupanda, waya wa chuma ulioletwa kama bidhaa ya kubadilishana nao ukaingia motoni ukatoka silaha. Fundi wa Mamba hakuchagua chuma. Kilichofika mbele yake kilipata kazi mpya.

MTU WA KUHESHIMIWA NA KUOGOPWA

Usidhani fundi huyu alikuwa mtu wa kupigiwa tu mluzi kama fundi baiskeli. Bruno Gutmann, mmisionari wa Kilutheri kutoka Ujerumani aliyeishi miaka mingi Uchagani, mwaka 1912 alichapisha kazi nzima kuhusu mhunzi wa Kichaga. Mambo aliyoyaandika yanatisha kidogo.

Nyundo ndiyo ilikuwa kila kitu. Mteja akitaka mhunzi amfulie nyundo, alitanguliza mbuzi na pombe, ndipo kazi ianze. Nyundo hiyohiyo iliaminika kuwa na nguvu ya kumpata mwizi au adui popote alipo. Umeibiwa? Nenda kwa mhunzi. Mwizi akisikia tu kwamba umeonekana ukielekea huko, anakosa usingizi.

Wanawake walivaa vyuma shingoni na mikononi kama kinga, na watoto wagonjwa walivishwa pia. Chuma kilikuwa silaha, jembe na dawa kwa wakati mmoja.

Kwenye ndoa sasa ndiyo kasheshe. Watu walisita kumpa mhunzi binti yao. Sababu haikuwa umaskini. Waliogopa siku ya kuachana. Iliaminika kwamba mke aliyeachwa na mhunzi yuko kwenye hatari kubwa, mpaka mume mwenyewe amkinge: ampake siagi mwilini mbele ya mama yake au mwanamke mwingine shahidi, ampe na fimbo, ndipo aondoke salama. We fikiria talaka ya namna hiyo.

Kwa hiyo huyu ni mtu ambaye jamii nzima ilimtegemea, ilimheshimu na ilimwogopa. Halafu uliza jina lake. Kimya.

MZUNGU, MNYAMA NA KISU CHA KUKUNJA

Mwaka 1848 mmisionari Johannes Rebmann alipanda kutoka pwani akauona Kilimanjaro tarehe 11 Mei. Simulizi yake inajulikana: safari yote hiyo hakubeba silaha, alibeba mwavuli. Wengi waliokuja baada yake hawakuwa na roho hiyo.

Mwaka 1884 akaja Mwingereza kijana, Harry Johnston, akakaa Moshi kwa Mangi Rindi, ambaye wageni walizoea kumwita Mandara. Alikusanya mimea, ndege na kila alichoweza, akarudi kwao akaandika kitabu. Mshike jina huyu jamaa, tunamhitaji sasa hivi.

Miaka kama 15 baadaye Johnston yuko Uganda, ofisa mkubwa wa Waingereza. Wambuti wa msitu wa Ituri, Kongo, wakamweleza kuhusu mnyama wa msituni mwenye miguu ya milia. Johnston akatafuta ngozi na mafuvu, akatuma London. Mwaka 1901 mnyama akatangazwa kwa dunia: okapi. Jina lake la kisayansi ni Okapia johnstoni. Ndiyo, johnstoni ni yuleyule mgeni wa Mangi Rindi. Wambuti waliomwonyesha njia, hakuna hata mmoja aliyeingia kwenye jina hilo.

Mwaka mmoja baadaye, 1902, huko Solingen, mji wa Ujerumani unaosifika kwa visu, kikaanza kutengenezwa kisu cha kukunja kwa ajili ya kuuzwa kwenye makoloni ya Ujerumani barani Afrika. Kikapewa jina Okapi. Mpini wa mbao wenye urembo wa mwezi na nyota, bamba la chuma cha kawaida kinachonoleka kirahisi, bei ya mtu wa kawaida. Kile cha kufunga kwa meno kina pete nyuma ya mpini, na kikifunguliwa kinalia kra-kra-kra.

Kumbuka koloni mojawapo lilikuwa hili letu, Afrika Mashariki ya Kijerumani. Na kumbuka tarehe. Ni tarehe 2 Machi 1900 ambapo Wajerumani walimnyonga Mangi Meli, mtoto wa Rindi, pamoja na viongozi wengine, jumla 19, pale Old Moshi. Miaka miwili baadaye nchi hiyohiyo inatengeneza kisu cha kuuzia Waafrika. Mwaka 1911 reli kutoka Tanga ikafika Moshi, na bidhaa za viwandani zikapata njia rahisi ya kupanda.

Sasa fanya hesabu. Johnston alipata mnyama. Mnyama alimpa kisu jina. Solingen ilipata hela. Kule Uswisi, Karl Elsener alianza kulipelekea jeshi la nchi yake visu vya kukunja mwaka 1891, akasajili kisu cha maofisa mwaka 1897, na hadi leo jina lake linaandikwa kila panapozungumzwa visu vya mfukoni. Fundi wa Mamba aliyekuwa anafua chuma miaka hiyohiyo yeye alipata nini? Hata kwenye makumbusho ya Ulaya, mkuki au kisu cha Afrika mara nyingi kimeandikwa jina la mzungu aliyekikusanya. Mkono uliokifua umeandikwa kabila tu.

KIUNONI NA MFUKONI

Kisu cha kukunja kilibadilisha pia adabu ya kubeba. Sime inakaa kwenye ala, kiunoni, kila mtu anaiona. Ukikutana na mtu njiani unajua kabisa ana nini. Kisu cha kukunja kinaingia mfukoni, na mfukoni hamna anayeona.

Kule juu kwenye kihamba hilo halina shida. Mtu anakata kamba ya mbuzi, anamenya muwa, anakata jani la mgomba la kufunikia, anachonga kijiti cha kuchokolea meno, anakikunja na kurudisha mfukoni. Ni kama simu tu, ukikisahau nyumbani unajiona uko uchi.

Kule mjini ni habari nyingine. Kisu hichohicho, mtu huyohuyo, akikamatwa nacho stendi usiku ana maelezo ya kutoa. Okapi yenyewe imepita njia hiyo. Mwaka 1988 utengenezaji wake ulihamia Afrika Kusini, na huko ni kisu cha kazi cha mtu wa hali ya chini, ila pia kimechafuka jina kwa kuhusishwa na wahuni. Jamaika nako kimefika, wanakiita kwa ule mlio wake.

Ndiyo maana wazee wa mlimani wana masharti madogo madogo ambayo vijana wanayaona ya kizamani. Kisu unampa mtu mpini, humpi ncha. Hukinyooshei mtu ukiwa unaongea. Kwenye kuchinja kuna mtu wa kukata na kuna mpangilio wa nani anapata kipande gani, na kidari si cha kila mwenye njaa. Kisu kinakata nyama, lakini kinakata pia heshima: nani mkubwa, nani mdogo, nani bado hajasamehewa. Kama kuna ugomvi, jani la sale linatangulia kuomba msamaha, kisu kinafuata baadaye.

KISU KINASTAAFU VIPI?

Kisu cha mlimani huwa hakifi siku moja. Kinaanza kazi kubwa, kuchinja. Kikipungua kwa kinoo kinashushwa cheo, kinamenya ndizi. Kikipungua tena kinakata majani ya mbuzi, mwisho kinabaki kipande cha kuparulia sufuria. Zamani hatua ya mwisho ilikuwa kurudi motoni, chuma kizee kikazaliwa upya. Wahunzi wa leo wanaendeleza akili ileile kwa spring za gari na chuma chakavu kingine. Gari lililokufa barabarani linarudi kuchinja mbuzi wa Krismasi.

Siku hizi kuna njia mbili mpya za kustaafu. Ya kwanza ni KIA, uwanja ambao umekuwepo tangu 1971. Mtu kapewa kisu na babu yake, kakisahau kwenye begi la mkononi, anafika kwenye mashine ya ukaguzi, basi. Safari ya kisu imeishia hapo.

Ya pili ni mnunua chuma chakavu anayepita na mzani. Mzee akifariki, kihamba kinaitiwa kikao, nyumba inajulikana ni ya nani kwa mila. Kisu hakina kikao. Kinakutwa kwenye debe, pamoja na misumari na kufuli lililokufa, kinapimwa kwa kilo. Hela inayopatikana hainunui hata soda za waliokuwepo. Na mtu wa mwisho aliyejua kwamba kile kisu kilifuliwa na fundi fulani wa Mamba, kwa ajili ya harusi fulani au kwa kubadilishana na mbuzi fulani, ameshazikwa.

Mamba moto haujazimika kabisa. Watalii wanaotoka Marangu wanapelekwa kuangalia mvukuto ukipulizwa na mkuki ukifuliwa, wanapiga picha, wananunua. Mzungu anajua njia ya kwenda huko. Mjukuu aliyezaliwa kilomita chache kutoka hapo anakuja Desemba, anakula nyama, anarudi Dar bila kujua kama panafukuta.

Historia kubwa imeshaandika majina yake na haitabadilika kirahisi. Okapi itaendelea kuwa ya Johnston. Ila jina la aliyekifua kisu cha nyumbani kwenu bado linaweza kupatikana, kwa sababu linakaa kichwani kwa mtu mmoja au wawili ambao bado wanapumua. Desemba hii mzee akitoka na kile kisu chenye mpini wa waya, kabla mbuzi hajalazwa, muulize maswali matatu: nani alikifua, kililipiwa nini, na kikizeeka kabisa anataka kiende wapi. Halafu rekodi jibu. Nyama utairekodi mwaka kesho, ipo tu.

Haya wadau, wa Mamba, Marangu, Kibosho, Machame, Rombo, Ugweno: kisu cha kwenu kilitoka kwa fundi gani?