Monaco: Historia ya kiti cha mtazamaji katika mbio za mitaani

Leo tunakupeleka Monaco, dola ndogo iliyo kando ya bahari ya Mediterania, yenye eneo la kilomita mbili za mraba tu na ushei. Kila mwaka barabara zake, ambazo siku nyingine watu huzipita wakienda kazini na madukani, hugeuzwa kuwa njia ya mbio za magari ya langalanga. Nani alishinda na kwa gari gani, hayo yamesemwa sana. Tutakachokiangalia leo ni jambo ambalo wengi hulipita haraka: mtazamaji akae wapi, anunue tiketi ipi, na kwa nini majukwaa yako pale yalipo.

Naanza na kisa changu mwenyewe. Miaka kadhaa iliyopita wakala mmoja aliniuzia tiketi ya jukwaa la bandarini, akaniahidi kwamba ningeyaona magari tangu yanapotoka handakini. Kiti changu kilikuwa safu ya pili kutoka chini. Mbele yangu ulisimama uzio wa waya mnene, na mbele ya uzio huo vizuizi vya chuma. Kwa takriban saa mbili nilisikia mngurumo, nikaona rangi zikinipita: nyekundu, buluu, fedha. Nilirudi nyumbani na hasira. Baadaye, nilipoisoma historia ya mbio hizi, ndipo nilipoelewa kuwa uzio ule ulikuwa na sababu yake.

Jiji lageuzwa uwanja

Mbio za kwanza za Monaco zilifanyika tarehe 14 Aprili 1929. Aliyezibuni ni Antony Noghès wa klabu ya magari ya Monaco. Klabu hiyo iliomba kutambuliwa na shirikisho la kimataifa kuwa klabu kamili ya taifa, ikakataliwa. Sababu ilikuwa kwamba mashindano yake mashuhuri, yale ya Monte Carlo yaliyoanza mwaka 1911, yalipita zaidi katika barabara za nchi nyingine. Noghès akaambiwa, kwa maneno mengine, aandae mbio ndani ya mipaka ya nchi yake. Lakini katika nchi yenye ukubwa wa mtaa mmoja wa Nairobi au Dar es Salaam, utaziweka wapi mbio za magari? Jibu lake lilikuwa: barabarani, mbele ya milango ya watu.

Magari 16 yaliondoka siku hiyo, yakizunguka mara 100 njia yenye urefu wa kilomita 3.18, katikati ya kuta za nyumba, ukingo wa bandari na reli za tramu. Mshindi alikuwa Mwingereza William Grover-Williams, aliyeendesha gari la Bugatti lenye rangi ya kijani kwa karibu saa nne, wastani wa kilomita 80 kwa saa. Louis Chiron, mwana wa Monaco aliyekuwa dereva bingwa, hakuwapo, kwani alikuwa amekwenda Marekani kushindana Indianapolis. Alishinda nyumbani mwaka 1931, na ilibidi kungoja hadi mwaka 2024 kabla ya Charles Leclerc kuwa mwana mwingine wa Monaco kuzishinda mbio hizo.

Hapakuwa na vizuizi vya chuma kama vya leo. Aliyetaka kuona vizuri alisogea karibu, na aliyesogea karibu alijiweka hatarini.

Nyuso zisizomtazama Fangio

Tarehe 21 Mei 1950, mwaka wa kwanza wa mashindano ya ubingwa wa dunia, wimbi liliruka ukuta wa bandari na kuilowesha barabara kwenye kona iitwayo Tabac. Katika mzunguko wa kwanza kabisa gari moja liliteleza, na mengine yakalivamia. Karibu nusu ya magari yaliyoanza mbio yaliishia hapo. Juan Manuel Fangio wa Argentina, aliyekuwa akiongoza, alikuwa ameshapita. Alipokuwa akirejea katika mzunguko wa pili hakujua kilichokuwa kikimngoja nyuma ya kona.

Kilichomwokoa ni watazamaji. Fangio alikuwa kiongozi wa mbio, na alitazamia kila uso umgeukie yeye. Badala yake aliona visogo: watu walikuwa wakitazama upande mwingine. Akatambua kuwa kuna jambo, akakanyaga breki, akapenya polepole katikati ya mabaki ya magari, na hatimaye akashinda. Wengi husimulia kisa hiki kusifu akili ya dereva. Mimi naona kina funzo la pili: katika mbio za mitaani, umati si pambo. Mahali unapokaa ni sehemu ya mbio zenyewe.

Kutoka marobota ya majani hadi chuma

Tarehe 22 Mei 1955 Alberto Ascari wa Italia alishindwa kulidhibiti gari lake bandarini, akavuka ukingo na kutumbukia baharini. Aliibuka, akaokolewa na mashua akiwa na majeraha madogo. Siku nne baadaye aliuawa akijaribu gari huko Monza. Na kabla wiki tatu hazijatimia tangu gari lake lizame, msiba mkubwa kuliko yote ulitokea Le Mans, Ufaransa, tarehe 11 Juni. Gari liliruka kutoka njiani, vipande vyake vikawaangukia watazamaji, na zaidi ya 80 kati yao wakafariki dunia. Uswisi ilipiga marufuku mbio za magari za namna hiyo kwa miongo mingi.

Pamoja na hayo, mabadiliko ya Monaco yalikwenda kwa mwendo wa pole. Tarehe 7 Mei 1967 gari la Mtaliano Lorenzo Bandini liligonga kingo karibu na bandari, likapinduka na kuwaka moto. Marobota ya majani makavu, yaliyowekwa pale ili kupunguza kishindo cha ajali, yaliuchochea moto huo. Bandini alifariki siku tatu baadaye. Mwaka uliofuata mizunguko ilipunguzwa kutoka 100 hadi 80, na kuanzia mwaka 1969 vizuizi vya chuma vikaanza kuwekwa kando ya njia. Mwaka 1973 njia yenyewe ilirefushwa ili ilizunguke bwawa la kuogelea la bandarini, na eneo hilo leo ndilo lenye majukwaa mengi zaidi.

Herufi juu ya tiketi

Sasa tuje kwa mnunuzi wa tiketi. Njia ya leo ina urefu wa kilomita 3.337, nayo huzungukwa mara 78. Majukwaa hutambulishwa kwa herufi, na kila herufi ina hadithi yake.

Jukwaa A liko karibu na kona ya Sainte Dévote, ya kwanza baada ya kuanza mbio, ambako magari hufika yakiwa bado yamesongamana. Jukwaa B liko kwenye uwanja wa Kasino, juu ya mlima, mbele ya majengo ambayo picha zake zimeenea duniani kote. Hapo utalipia mandhari kuliko ushindani. Jukwaa K linakaa kando ya bandari, likitazama Tabac, ile kona ya wimbi la mwaka 1950, na mwanzo wa eneo la bwawa. Jukwaa T liko mkabala na mahali magari yanapobadilishiwa magurudumu, na kazi hiyo siku hizi humalizika kwa sekunde mbili au tatu. Anayependa kuona mafundi wakiamua mbio, hapo ndipo pake.

Hata hivyo, herufi peke yake haitoshi. Uliza safu. Katika jukwaa lile lile, aliye juu huona bandari yote, na aliye chini huona waya. Hili nimekwisha kulilipia.

Uliza pia siku. Barabara ni nyembamba, na kumpita mwenzako ni kazi ngumu, kwa hiyo nafasi ya kuanzia huamua mengi. Nafasi hizo hugombewa Jumamosi, kila dereva akiendesha hadi ukomo wa uwezo wake, sentimita chache kutoka kwenye chuma. Tiketi ya Jumamosi ni nafuu kuliko ya Jumapili, na wajuzi wengi watakuambia kuwa ndiyo yenye utamu zaidi.

Wala usidhani kuna kiti kinachoona yote. Mwaka 1988 Ayrton Senna wa Brazil alikuwa akiongoza kwa karibu dakika nzima alipogonga kizuizi kwenye kona ya Portier, kabla ya handaki. Alishuka garini na kwenda zake nyumbani, kwani alikuwa na makazi karibu na hapo. Aliyeketi bandarini alichokiona ni kimoja tu: gari lililotarajiwa halikutokea. Kwa sababu hiyo wazoefu huja na redio ndogo masikioni, na sisi watangazaji hatuna budi kufurahi.

Mlima wa wasio na kiti

Chini ya kasri ya mtawala wa Monaco kuna mteremko wa mawe na vichaka uitwao Rocher. Hapo hakuna viti. Tiketi yake ni ya bei ya chini kuliko zote, na watu huwahi alfajiri wakiwa na mikeka na vyakula vyao. Ukiwatazama kutoka upande wa pili utawaona wamejaa kama ndege mwambani, huku chini yao matajiri wakiwa kwenye mashua za kifahari.

Msikilizaji aliyekulia Afrika Mashariki hatauona mteremko huo kuwa mgeni. Tangu mashindano ya Safari yalipoanza mwaka 1953, wanavijiji wamesimama kando ya barabara bila kulipa hata senti, wakapata vumbi na shangwe vyote bure. Tofauti ni kwamba huko ardhi ni pana na mtu anaweza kurudi nyuma. Katika jiji huna pa kurudi, nyuma yako ni ukuta.

Leo mbio za mitaani zimeenea. Singapore ilianza mwaka 2008 kwa mbio za usiku, Baku ikafuata mwaka 2016, na wasikilizaji wetu wa Ghuba wanazo karibu, Jeddah, tangu mwaka 2021. Kote huko mnunuzi anakutana na maswali yale yale ya herufi, safu na siku.

Ama mimi, nikijaliwa kurudi Monaco, nitapanda Rocher na mkeka wangu, au nitalipia safu ya juu. Lakini sitaulaumu tena ule uzio. Waliosimama Le Mans mwaka 1955 waliona kila kitu vizuri, pasipo waya wowote mbele ya macho yao.