Uigaji wa sauti za waimbaji kwa akili mnemba
Uigaji wa sauti kwa akili mnemba (pia: akili unde) ni kufundisha programu ya kompyuta kwa rekodi za mwimbaji hadi iimbe kwa sauti yake wimbo asiouimba. Mwaka 2024 jimbo la Tennessee, Marekani, lilitunga sheria ya kulinda sauti.

Nchini Tanzania, Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 hulinda utungo, rekodi na onyesho la msanii. Sauti yenyewe si kazi inayolindwa. Hata hivyo programu haifundishiki bila kunakili rekodi, na hapo ndipo mwenye haki anapoweza kudai. Sheria hiyo hulinda pia sanaa za jadi, kama ngoma ya sindimba ya Wamakonde wa Mtwara. Mwimbaji wake, akirekodiwa kwa simu ya mgeni, ana haki ya kuombwa idhini kwanza, ingawa mara nyingi haambiwi.